Vifaranga wa Utosi Mwekundu

Shibikeng
Mwezi wa tatu, siku ya nane, 1986

Mkwe wangu Manmei,

Usishtuke Bwana Luo wa basi akikukabidhi tenga linalolia. Ndani mna vifaranga kumi na wanne, wameanguliwa juzi asubuhi. Bwana Luo usimlaumu kwamba hakuwalisha njiani. Kifaranga wa siku mbili bado ana kiini cha yai tumboni, anaweza kusafiri bila kula. Wape maji kwanza, halafu chenga za mchele.

Nilitaka ninyamaze, lakini utasikia tu. Kideri kimepita kijijini kwetu mwezi wa pili. Kuku ishirini na tisa niliokuwa nikimwekea mwanangu Chunxiu kwa ajili ya uzazi wake wamekwisha wote ndani ya siku tano. Nilibaki nikifagia manyoya uani kama mwehu. Aliyepona ni mmoja, aliyekuwa akiatamia darini juu ya jiko, na hawa ndio watoto wake. Yeye mwenyewe nimembakiza huku asije akakuletea ugonjwa. Banda nimelimwagia chokaa, na sithubutu kukuza kuku humo mwaka huu. Ndiyo maana nakuomba unilelee wewe.

Mila unaijua kama ninavyoijua mimi. Siku ya kumi na mbili baada ya mtoto kuzaliwa, mama wa mzazi anaingia kijijini kwa wakwe na mti wa mzega begani, kuku mbele na mvinyo nyuma, na watu wanatoka milangoni kutazama. Mvinyo ninao, nimeupika mwenyewe kwa mchele wa kunata na unakolea vizuri. Kuku ndio hao kumi na wanne. Heshima yangu yote ya mwaka huu imo ndani ya tenga hilo, mkwe.

Kila mmoja nimempaka rangi nyekundu utosini, ile tunayopakia mayai ya sherehe. Mwenye mimba hapelekewi kitu bila nyekundu.

Mkweo,
Zhong Yinjiao


Longtouping
Mwezi wa tatu, siku ya kumi na mbili

Mkwe Yinjiao,

Nasema mimi, anaandika mwanao, maana mimi na kalamu hatujuani.

Tenga limefika na makelele yake. Pole kwa kuku wako. Ishirini na tisa! Mimi ningelala chini nigaegae. Hata mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uzazi huu, nilinunua vifaranga ishirini kwa yule mchuuzi anayepita na mizega yake kila masika. Wangu wana wiki tatu sasa, wameanza kuota manyoya ya mabawa na wanajiona wakubwa. Nimewatia wako humo humo katika tundu la mianzi kando ya jiko, wapate joto.

Wamezoeana vizuri sana. Wote wanakula na wote ni wazima, usiwe na wasiwasi wowote.

Qiu Manmei

Mama, kuanzia hapa ni mimi Chunxiu. Tumbo limeanza kuonekana, nimeachia vifungo viwili vya koti. Mume wangu Dexiang yuko kwenye tanuri la matofali, anarudi kila baada ya siku kumi, ananuka moshi na anacheka ovyo tangu asikie habari. Mama mkwe ananilisha kama nguruwe wa sikukuu. Nikisema nimeshiba, ananiambia, "Nani kakuuliza wewe? Namlisha huyo wa ndani." Sasa hivi anauliza mbona yeye kasema maneno machache na karatasi imejaa. Nimemwambia mwandiko wangu ni mkubwa.

Mwanao,
Chunxiu


Shibikeng
Mwezi wa tatu, siku ya kumi na nane

Mkwe wangu mpendwa, na wewe mwanangu,

Barua yenu nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda kumsomea jirani, kisha nikamsomea na jirani wa ng'ambo ya kijito, yule aliyesema vifaranga wa siku mbili hawatafika hai. Wote kumi na wanne! Nilimwambia, "Haya, umesikia? Au nikusomee tena?" Akajifanya ana kazi ya kupepeta.

Mkwe, una mkono wa baraka. Mimi wangu wakianguliwa kumi na wanne hufa watatu hata bila safari. Nilijua vifaranga wageni hudonwa na waliotangulia, nilikuwa na wasiwasi huo na sikutaka kuusema. Kumbe wako wana adabu. Nyumba ikiwa na adabu hata kuku wake wanajifunza.

Nakutumia pakiti ya rangi nyekundu. Manyoya yao ya utotoni yatapukutika na ile ya mwanzo itakwenda nayo. Wapake upya tafadhali, utosini, na uikoleze.

Chunxiu, kula unachopewa na usijibizane.

Yinjiao


Longtouping
Mwezi wa tatu, siku ya ishirini na tano

Mama,

Kaa chini kwanza. Hii ni barua yangu mwenyewe na ina aibu yangu ndani yake.

Ile barua ya kwanza, mama mkwe aliniambia niandike hivi: "Mwambie wawili wamekufa na watatu wana vidonda kichwani. Hawa wangu wana roho mbaya, na mimi naona haya hata kumtazama mtoto wake machoni." Mimi nikaandika kwamba wote ni wazima. Nilikuona akilini ukifagia yale manyoya uani, Mama, na mkono ukakataa kuandika. Nikajisemea kwamba waliobaki watakua na hakuna atakayehesabu.

Sasa jibu lako likaja. Ilibidi nimsomee, alikuwa amekwisha kukaa na vitunguu vyake mapajani tayari kusikiliza. Nikasoma mpaka ulipowatangazia majirani, mpaka penye adabu ya kuku wake. Akaacha kumenya. Akasema, "Nimemwambia watoto wake wanakufa, naye ananisifia adabu? Mama yako ananikejeli, au kideri kimempanda kichwani?"

Nilinyamaza, Mama. Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili. Akaichukua ile pakiti ya rangi. "Mwenye kuku kasema wapakwe," akasema, "basi wapakwe." Akawapaka mmoja mmoja, akaikoleza mpaka shingoni, kama ulivyotaka. Wale wakubwa waliwarukia kama wamemwagiwa minyoo. Tuliwatoa kwa mikono, yeye anapiga kelele na mimi napiga kelele. Mmoja akafa mkononi mwangu.

Nikalia na nikamwambia yote. Mama, sijawahi kumwona vile. "Unanisemesha uongo kwa mdomo wangu mwenyewe! Wiki mbili namdanganya mkwe wangu na mwenyewe sijui!" Akasema kama si tumbo hili angenichapa kwa fimbo ya mwanzi. Akatoka, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi na yai la kukaanga akaliweka mbele yangu kwa kishindo. Nikalila.

Wamebaki kumi na mmoja. Wanaishi ndani ya kikapu cha mchele, chumbani kwake, na harufu yake usiulize.

Sasa anataka kusema yeye. Amesimama nyuma yangu anahesabu mistari.

Mkwe. Safari hii kila neno ni langu, nimemwambia anisomee mara mbili. Wanao watatu wamekufa nyumbani kwangu. Nisamehe. Huyu mtoto wako usimgombeze, nimekwisha kumgombeza kwa niaba yetu sote wawili.

Nina jambo la kukuuliza. Juzi kifaranga wako mmoja alitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Nikamtoa, nikamfuta, rangi yote ikabaki kwenye kitambaa. Kabla sijamrudisha kikapuni akaniponyoka, akaingia kwa wale wakubwa. Nikasema basi, huyo kaisha. Hawakumgusa! Walimnusa, mmoja akamkanyaga kwa bahati mbaya, wakaendelea kula. Nilivuta kigoda nikakaa hapo tangu chai ya asubuhi mpaka wali wa mchana nikitazama. Hakuna aliyemdona.

Unajua kuku akitoka damu wenzake wanavyomfanya. Nadhani hawa wangu si wabaya. Nadhani wanaona nyekundu kichwani wanafikiri ni kidonda. Naona ni rangi, mkwe.

Lakini siwezi kuiosha bila ruhusa yako. Ni nyekundu uliyompakia mwenye mimba, na mimi siifuti baraka ya mtu kwa maji ya vyombo. Ukisema nioshe, nitaosha. Ukisema hapana, watakaa chumbani kwangu mpaka mtoto azaliwe, na mimi nitazoea harufu.

Manmei


Shibikeng
Mwezi wa nne, siku ya kwanza

Manmei,

Nimelia, nimecheka, nimelia tena, na nimerudi kwa yule jirani wa ng'ambo ya kijito kumwambia ni kumi na mmoja. Alifurahi, Mungu amsamehe.

Chunxiu, wewe tutaonana.

Mkwe, nataka kukuandikia "osha" na naona mkono mzito. Sikukuambia sababu, sasa nakuambia. Mwaka jana Chunxiu alipokuwa na ile mimba ya kwanza, niliwapelekea kuku sita. Mvua ilikuwa inanyesha, basi linapiga honi, nikawafunga miguu kwa kamba ya majani makavu. Hata uzi mmoja mwekundu sikuwafunga. Nilijiambia haidhuru, ni mara moja tu. Baada ya mwezi mmoja mimba ikatoka. Hakuna aliyenilaumu, wala Chunxiu hakujua kwamba nawaza hivyo mpaka anapokusomea haya. Lakini tangu siku ile nyekundu naipaka kila kitu. Fundi akitengeneza paa langu na msumari ukabaki, nampaka yeye na msumari.

Kwa hiyo unaponiuliza kama uoshe, mkwe, unaniuliza kama nina uhakika haikuwa mimi. Sina. Ila nimekaa na barua yako siku mbili, nikafikiri, mwanamke huyu analala chumba kimoja na kuku kumi na mmoja kwa sababu hataki kugusa baraka yangu. Kama baraka ipo, iko hapo tayari.

Osha. Fanya wewe mwenyewe, si Chunxiu. Siku ya tano asubuhi, maji ya uvuguvugu, na wakauke kando ya jiko wasipate baridi. Mimi siku hiyo nitakaa ndani na sitafanya kazi.

Yinjiao


Longtouping
Mwezi wa nne, siku ya kumi na moja

Mkwe,

Tumeosha siku ya tano. Chunxiu nilimfungia nje, akachungulia dirishani. (Sikuchungulia, Mama. Nilisimama tu karibu na dirisha.)

Maji yake sikuyamwaga. Najua yana mavi ya kuku ndani, lakini nyekundu ni nyekundu. Nimeyachuja, nimechovya utepe wa pamba, nimeuanika, nimeufunga kwenye mguu wa kitanda cha mwanao upande wa kichwani. Nyekundu yako haijatoka nyumbani humu hata tone, imehama kichwa tu. Kuku hawaingii chumba kile, kwa hiyo hakuna wa kuudona.

Kuhusu mimba ile, nakuambia mara moja na sirudii. Mimi nami mimba ilinitoka, kabla ya Dexiang, na mama yangu alikuwa amenifungia nyekundu mpaka kwenye vidole vya miguu. Basi. (Mama, nimeandika kama alivyosema. Yeye anamenya karanga kama vile hajasema kitu. Na mimi sikujua umebeba hayo mwaka mzima. Mama, siyo wewe.)

Sasa sikia kuku. Nilipowakausha sikuwarudisha ovyo kama mara ya kwanza, nimejifunza. Nililigawa tundu kwa wavu wa mianzi, wako upande huu na wangu upande ule, chakula karibu na wavu ili wale wakitazamana. Siku ya kwanza wangu walipiga vifua. Siku ya pili wakachoka. Siku ya tatu mmoja wa wako alikuwa amelala ameegemea wavu, na mmoja wa wangu ameegemea upande wa pili, mgongo kwa mgongo.

Siku ya nne nikawatoa wote uani, nikalipangua tundu lote, nikahamisha chombo cha maji, nikahamisha vijiti vya kulalia, nikaliweka kwenye kona nyingine kabisa, asiwepo wa kusema hapa ni kwangu. Nikaning'iniza fungu la mboga kwa kamba, juu kidogo, wakubwa wawe na kazi ya kurukia. Kwenye kona nikaweka boksi lenye tundu la ukubwa wa ngumi, wadogo wapate pa kukimbilia. Ndipo nikawafungulia wote pamoja, nikakaa kigodani na ufagio mapajani.

Mkwe, ufagio sikuuinua! Pora wangu mmoja mkubwa, yule mkorofi aliyewatoa damu wenzake, alimfuata mdogo wako mpaka kwenye boksi, akaingiza kichwa kwenye lile tundu, akakwama. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Akabaki na makalio nje anapiga mabawa, na wale wadogo ndani wanamtazama usoni. Tulipomvuta alikuwa mtu mwingine. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amelala na wanao watatu chini ya bawa, na hata hakujua la kufanya nao.

Kumi na mmoja, mkwe. Hesabu hii ni ya kweli. Watangazie.

Manmei

(Ni kweli, Mama. Na leo asubuhi mtoto amecheza tumboni. Nilipiga kelele, mama mkwe akaja mbio na ufagio.)


Shibikeng
Mwezi wa saba, siku ya ishirini na mbili

Manmei, Chunxiu,

Nimefurahi mtoto amegeuka vizuri. Nimefurahi pia kwamba kuku wamekua na hakuna tena anayejua yupi wako na yupi wangu. Ninyi chekeni tu. Mimi habari hiyo imenipa kazi ya kufikiri.

Nimeamua hivi, na msinibishie. Siku ya kumi na mbili sitakuja. Kuku wangu wako huko tayari, wamekula mchele wa Manmei miezi mitano, na ni kuku wa Manmei. Huku nina yule mzee mmoja tu wa darini, naye hata kisu kitamkataa. Nije na nini? Nipite katikati ya kijiji chenu na mtungi wa mvinyo upande mmoja wa mzega na upande wa pili jiwe la kusawazisha? Watu watatoka milangoni kutazama, na watatazama nini? Watamwona mama wa mzazi anayekuja kula kuku wa wakwe zake. Chunxiu ataishi na watu hao maisha yake yote.

Mvinyo nitamkabidhi Bwana Luo. Mimi nitakuja mtoto akitimiza mwezi, wageni wakiwa wengi, nitaingia pamoja nao na hakuna atakayeniona. Hamu nitaivumilia. Nimevumilia makubwa kuliko hayo.

Chunxiu mwanangu, ukisikia uchungu usijikaze. Mshike mama mkwe wako mkono, anao wa nguvu.

Mama yako


Longtouping
Mwezi wa nane, siku ya nne

Mkwe Yinjiao,

Ni mimi Manmei. Mkono huu ni wangu.

Chunxiu amezaa, siku ya kwanza. Mzazi haandiki, macho yake yapumzike mwezi mzima. Dexiang yuko tanurini. Jirani anajua kuandika. Haya si ya jirani.

Maneno ninayojua kuandika ni machache. Ngumbaru nilikwenda siku kumi na moja, mpunga ukaiva.

Msichana. Mkubwa. Ana kelele. Chunxiu mzima. Alinishika mkono, mkono umevimba.

Barua yako alinisomea. Unasema huji. Nimekasirika siku tatu. Sasa basi.

Siku ya kumi na mbili panda basi la asubuhi. Leta mvinyo. Sokoni usishuke. Shuka darajani, kabla ya kijiji. Nimemwambia Bwana Luo asimame.

Mimi niko hapo. Kuku sita wanono, tenga, mzega. Wako, wangu, sijui.

Wewe beba. Mimi nitakuja nyuma yako, mikono mitupu. Pita katikati ya kijiji. Polepole. Watu waone.

Manmei